Mhazini Aliyeanza na Februari

Kila mwaka, mavuno yakishaingia, Mama Mhazini alikaa kwenye sakafu ya stoo, akanyoosha miguu, akamwaga maharage kwenye ungo na kuanza na Februari.

Sisi wengine tungeanza na Julai, kwa sababu Julai ndio mwezi tuliokuwa nao. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga mabati, tumejifunika mablanketi mabegani, magunia yamepangwa hadi karibu na kenchi za paa, na kila mtu ana moyo mkubwa. Yeye alichota konzi la maharage akaliweka mbele yake. "Huyu ni Februari," alisema. "Kwanza ashibe huyu." Akafuata Januari, kisha Machi. Alipokwisha kuwalisha hao watatu ndipo alipogeukia miezi mingine, na kilichobaki kwenye ungo ndicho kilichoangukia Julai na Agosti. Fungu la Julai lilikuwa dogo hata likatuchekesha.

"Mama, Julai atakufa njaa huyo."

"Julai ana shangazi wengi," alijibu bila kuinua macho. "Kila anayepita atamletea kitu. Februari ni yatima."

Nyumba tuliyokuwa tunaipangia ilikuwa ya kungojea. Ilijengwa kwa matofali ya kuchoma nyuma ya hospitali ya misheni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Wajawazito waliotoka mbali, wengine vijiji vya uwandani na wengine chini kabisa ziwani, walikuja kukaa humo wiki zao za mwisho ili uchungu usiwakute njiani. Siku ya kujifungua hospitali iliwapokea. Kabla ya hapo, chakula, kuni, chumvi na sabuni vilikuwa juu ya kamati yetu ya parokia. Hatukuwa na mshahara wala biashara. Tulikuwa na ahadi za watu na stoo moja. Mama Mhazini ndiye aliyetunza stoo hiyo na makadirio ya mwaka, ambayo vijana sasa wanayaita bajeti. Mimi nilikuwa katibu, kwa kuwa nilifika darasa la nne na mwandiko wangu ulisomeka.

Naandika habari zake kwa sababu kuna neno ambalo kamati ilipaswa kumwambia, na halikusemwa. Wenzangu walipoondoka mmoja mmoja, nilibaki mimi wa kulisema. Nitafika huko. Kwanza nataka aonekane alivyokuwa, maana watu wakimtaja siku hizi wanataja ile siku moja tu.

Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuja na mumewe, msimamizi wa wachonga barabara, wakakaa kwenye kambi ya barabara jirani na misheni. Mume alipofariki, yeye hakurudi kwao Tukuyu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Wazee wa Kifipa walimtania kila alipowabana.

"Wewe Mnyakyusa, rudi kwenye ndizi zako utuache na ulezi wetu."

"Ndizi hazina Februari, mzee wangu. Mgomba unazaa mwaka mzima. Kuogopa kalenda nimejifunzia hapa kwenu."

Kwa hiyo alituogopea. Sijui neno jingine la kuielezea kazi yake.

Jumapili ya mavuno, baada ya misa, watu walisimama uwanjani mmoja mmoja kutaja watakachotoa. Ilikuwa desturi ya zamani, na ilikuwa tamu. Mtu akitaja, wanawake wanapiga vigelegele, na anayefuata hawezi kutaja pungufu ya aliyemtangulia kama ana wakwe waliosimama pale. Mama Mhazini alisimama pembeni yangu huku nikiandika, na kila ahadi aliyoisikia aliikata katikati. Alifanya hivyo kwa sauti, mbele ya watu.

Namkumbuka mwenyekiti wetu, mzee mwenye ng'ombe wa kulimia na kofia ya pama, akisimama na kunguruma, "Gunia nne za mahindi!" Vigelegele vikapanda.

"Katibu, andika mbili," akasema Mama Mhazini.

"Mama! Nimesema nne!"

"Nimesikia, mwenyekiti. Ni sauti nzuri. Andika mbili."

"Unanivunjia heshima mbele ya wakwe zangu!"

"Ukileta nne nitakuja nyumbani kwako nikupigie magoti, na hao wakwe uwaite waone."

Watu walicheka hadi padri akajifunika mdomo kwa kitabu. Mwezi uliofuata mwenyekiti alileta gunia mbili na debe moja. Lile debe alilibeba mwenyewe kichwani, mzee mzima, akalitua mlangoni na kusema, "Hili ni ili usiseme ulinikadiria sawasawa."

Kwa ahadi zilizokatwa namna hiyo tulipanga mwaka, na kilichozidi kilikuwa furaha. Kabla yake tulipanga kwa ahadi nzima, na kila mwaka tulishangaa. Sijui ni kwa nini watu wazima tulikubali kushangaa kwa jambo lile lile mwaka hadi mwaka.

Jambo lake jingine lilikuwa chumvi. Kabla hatujaandika mahindi alitaka tuandike chumvi, viberiti, sabuni na mafuta ya taa. "Hamjawahi kumsikia mtu akisimama Jumapili ya mavuno akaahidi chumvi," alisema. "Watu hutoa kile kinachojaza macho. Chumvi haijazi macho, kwa hiyo haiji yenyewe. Lazima ifuatwe." Akatenga maharage ya kubadilisha na dagaa wa Kirando, na mahindi ya kupeleka ushirika ili tupate fedha, na fedha hiyo ilikuwa ya chumvi na ndugu zake. Padri alipoomba akope kidogo anunue mishumaa, alimwambia, "Baba, Mungu anaona gizani. Wapishi wangu hawaoni." Padri akaenda kutafuta mishumaa kwingine.

Lakini lililomfanya awe yeye, nadhani, ni namna alivyowasikiliza wanaokula.

Mwaka wake wa kwanza aliwauliza akina mama waliofika, kila mmoja, atakaa muda gani. Wakamjibu, akapanga kwa majibu yao, na chakula kikaisha mapema. Alikaa na jambo hilo. Baadaye akatuambia, "Mwanamke akija hapa ukamwuliza atakaa muda gani, anataja muda ambao hataona haya kula chakula cha watu. Hataji mwezi wake. Mwezi wake anaujua, lakini anauficha." Tangu hapo kila aliyesema wiki moja alimpangia tatu. Aliyesema, "Mimi ni leo kesho tu, mama," huyo ndiye aliyemtengea fungu kubwa.

Siku moja aliniambia maneno ambayo nimeyabeba: "Anayetoa ana haya ya kutaja kidogo. Anayekula ana haya ya kutaja kingi. Kazi yangu mimi ni kupita katikati ya haya zenu bila kumwangusha mtu."

Sitaki kumpamba. Alikuwa mgumu, na nyakati nyingine mgumu wa bure. Aliwahi kugombana na mpishi kwa njiti moja ya kiberiti hadi mpishi akalia. Alikuwa na kopo la sukari kwenye mkoba wake, miaka ile ambayo sukari tulikuwa tunaisikia kwa jina. Alitia kijiko kwenye chai yake mbele ya watu, akakoroga, akafunga kopo. Sijawahi kumwona akimpa mtu. Alikuwa na viatu vyeusi vya kisigino alivyovivaa kila kikao, akavivua mlangoni na kuviweka mahali tutakapoviona.

Tena, huyo aliyetupangia Februari yetu, kwake hakupanga kitu. Paa la chumba chake kambini lilivuja, na alijua mahali linapovuja, na kila masika alihamisha kitanda badala ya kuziba. Alinituma mara nyingi kwa jirani yake nimwombee chumvi. Nilipomwuliza inakuwaje, mhazini mzima anaazima chumvi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu kisicho na maana. "Huku ni kwangu," alisema. "Nikikosa, nakosa mimi."

Sasa ile siku.

Pamoja na kukata ahadi, alikuwa ameanzisha desturi nyingine iliyotupatia sifa mpaka mjini. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi alisoma makadirio uani kwenye nyumba ya kungojea, mbele ya wanaokula wenyewe: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na kitatosha hadi lini. Alisema anayekula ana haki ya kujua chungu kina nini. Wanawake walikaa kwenye mikeka na matumbo yao, wakasikiliza, wakauliza maswali, wengine wakapendekeza. Mmoja ndiye aliyetufundisha kukausha majani ya kunde. Mwenyekiti aliipenda sana desturi hiyo. Kila mgeni aliyekuja alimwambia, "Hapa kwetu hakuna siri," na kujipiga kifua kana kwamba aliianzisha yeye.

Halafu ukaja mwaka wa operesheni, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Wengine waliondolewa kwenye makazi yao ulezi ukiwa bado shambani. Walioahidi gunia walileta debe, na walioahidi debe walikuja kutuomba radhi, na ilikuwa vigumu kuwatazama. Hata nusu ya ahadi ilikuwa nyingi mno mwaka ule. Mama Mhazini alimwaga maharage yake mara mbili, akayarudisha kwenye ungo, akayamwaga tena. Februari hakushiba.

Ilipofika Januari, wiki ya kwanza, tulikutana sakristia. Kulikuwa na ujumbe wa viongozi uliokuwa unakuja kutoka wilayani Jumapili hiyo kuona jinsi tunavyojitegemea. Mama Mhazini alivua viatu mlangoni kama kawaida, akakaa, akasema, "Mwezi huu tusisome."

Mwenyekiti aligeuka. "Tusisome nini?"

"Makadirio. Tusome sisi humu ndani. Tuombe parokia za jirani, tufanye tutakalofanya. Uani tusisome."

"Mama, wageni wanakuja kusikia hicho hicho!"

"Chakula ni cha watu wanane na wapo kumi na mmoja. Nikisoma hivyo, kila mmoja wao atasikia anaambiwa yeye aondoke."

"Si utasema tutatafuta?"

"Nitasema. Hawatalisikia hilo. Watasikia la kwanza."

Mwenyekiti akavua pama yake, akatabasamu akitutazama sisi. "Desturi ni yako mwenyewe, mama. Ahadi zetu umezikata mbele ya wakwe, tukavumilia. Leo zamu yako, unaona haya?"

Tukacheka. Ulikuwa mzaha mzuri, na mimi nilicheka pia. Kisha akauliza nani anataka isomwe, na mikono ikainuliwa yote isipokuwa wake. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa hiyo. Nilikuwa na gauni jipya la kuvaa mbele ya wageni, na nilishaandika hotuba ya kuwakaribisha kwa mwandiko wangu mzuri.

Akasoma. Alisoma taratibu na kwa upole kuliko siku zote, na kila baada ya mstari aliongeza, "Lakini tunatafuta, hakuna atakayeondoka." Wageni walipiga makofi. Mmoja alisema huu ndio uwazi tunaoutaka.

Kati ya wale kumi na mmoja alikuwapo mama mmoja kutoka upande wa Kirando, mrefu, wa maneno machache, aliyepanda mlima kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani kuwa zawadi kwetu. Alipofika alisema atakaa wiki moja. Mama Mhazini alimwandikia mwezi mzima. Jumatatu asubuhi mpishi alikuta mkeka wake umekunjwa. Sahani yake ilikuwa imeoshwa na kuinamishwa juu ya mawe, na dagaa zake alizokuja nazo alikuwa amewaachia wenzake.

Tulituma watu barabarani. Hawakumpata. Tukajipa moyo kwamba amepata lori.

Habari zilikuja baada ya masika, kwa njia ambayo sikuitegemea. Alikuja mchuuzi wa dagaa na baiskeli yake. Akafungua kapu moja lililofungwa peke yake kwa kamba ya mgomba, akalitua mlangoni mwa stoo.

"Hili si la kuuza," alisema. "Ametuma mama mmoja wa kule kwetu. Anasema mlimlisha mwezi wa kwanza, naye hakuwa na kitu cha maana cha kuwapa."

Mama Mhazini alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini. "Hajambo?"

"Yeye hajambo, mama. Ana nguvu."

"Na mtoto?"

Mchuuzi alishughulika na kamba ya baiskeli. "Mtoto alibaki mlimani," alisema. "Alizaliwa njiani, kwenye mvua. Hakukuwa na mtu."

Nilidhani Mama Mhazini atalia. Hakulia. Alilipima lile kapu kwenye mizani kama alivyopima kila kitu, akanitajia uzito, nikaandika. Jioni wapishi walipika zile dagaa, na akina mama wakala, na hawakujua. Yeye alikaa kizingitini na viatu vyake miguuni.

Kamati ilikutana tena. Safari hii stori ilikuwa imeshafika kwa kila mtu, parokia nzima, na watu walikuwa wanaulizana ni nani aliyewatangazia wajawazito kwamba chakula hakitoshi. Mwenyekiti alisafisha koo kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Nataka niliseme hilo, kwa sababu alikufa akiwa rafiki yangu. Alisema tu, "Aliyesoma ni Mama," akasimamia hapo, na kauli ile ilikuwa ya kweli.

Mama Mhazini alitutazama mmoja baada ya mwingine, bila hasira. Alikuwa anangoja, kama alivyongoja Jumapili ya mavuno mtu anapofikiria ataje kiasi gani. Ilitosha mmoja wetu aseme, "Alikataa. Sisi ndio tuliomlazimisha." Katibu ndiye aliyepaswa kukumbuka nani alisema nini. Nilitazama meza. Kulikuwa na tone la nta ya mshumaa, nikalikwangua kwa ukucha hadi likaisha.

Alivaa viatu vyake humo humo ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama, akaniwekea ufunguo wa stoo mbele yangu.

"Unakwama," alisema. "Uuinue kidogo kabla ya kuzungusha."

Alihamia Kizwite, mjini, akawa anapika maandazi na kuyauza barazani kwa watu. Mimi nikawa mhazini. Nilikata ahadi katikati kama yeye, ila kimya kimya, kwenye daftari. Aliyesema wiki moja nilimpangia tatu. Nilianza na Februari. Kila mtu alisema mambo ya nyumba ya kungojea yanakwenda vizuri, na yalikuwa yanakwenda vizuri, na hatukusoma tena uani. Nilipokwenda mjini nilipita njia ya juu ili nisipite mbele ya maandazi yake. Mara moja tulikutana sokoni ana kwa ana. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, Katibu. Februari ameshiba?" Nikasema ameshiba. Akaenda zake na kikapu chake. Neno lilikuwa mdomoni, na sokoni kulikuwa na watu.

Miaka ikapita, wenzangu wa kamati wakaondoka kwa kifo na kwa uhamisho, mpaka nikabaki peke yangu katika wale walioinua mkono.

Ikaja Februari moja, katika miaka ile ya kupanga foleni kwa kila kitu. Lori lililobeba mbolea lilisimama hospitalini, na kondakta akamshusha mwanamke mzee kwa kumbeba kama mtoto. Nilimtambua kwa viatu. Alikuwa amekonda na macho yake yamekuwa ya manjano. Wodi ilijaa wagonjwa. Sista, mkunga wetu, alimpima, akaniambia, "Mweke kwako kwanza, daktari akija kutoka mjini tutaona." Nyumba ilikuwa ya wajawazito, lakini hakuna aliyeuliza. Nilimpa kitanda cha karibu na dirisha.

Kisha, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kwa kila aliyeingia, nilikaa kwenye kigoda na daftari langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ufunguo bado unakwama?"

"Bado. Nauinua."

Alicheka kidogo, akashika ubavu. Nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya mzaha kwa kuwa sote wawili tulijua swali lile lina nini ndani yake, "Utakaa kwetu siku ngapi, mama?"

"Mbili tatu tu."

Nikacheka. "Mbili tatu! Umesahau ulinifundisha nini?"

"Sijasahau. Andika hivyo hivyo."

"Mama..."

"Andika nilivyosema, Katibu. Usiongeze."

Nikainamisha kichwa kama mtu anayetii, na nikaandika hadi mavuno. Nilimtengea fungu la Februari, la Machi, la Aprili, mpaka Juni, la maharage, nikaliweka kwenye mfuko wake peke yake ili mtu asije kusema linawapunguzia wengine. Nilijiona nimekuwa hodari, nimemshinda kwa somo lake mwenyewe. Na nilifikiri, sasa tunao muda. Ataniona kila siku. Nitalisema taratibu, jioni moja tukiwa tunachambua mboga, bila kumshtua.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameamka. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine, wenzake walikuwa uani wanaota jua. Nilimletea uji, nikakaa, nikasema, "Mama, kuna jambo."

Alinitazama kwa namna ile ya kungoja.

Nikasema, "Kuna jambo nataka tuzungumze kuhusu kamati. Kuhusu zamani."

"Sema."

Nilikwangua ukingo wa kigoda. Hapo mpishi akachungulia mlangoni. "Mama Mhazini," aliniita mimi, na wote wawili tuligeuka. "Chumvi imebaki kiganja. Nasikia mjini imeingia leo."

Nilimtazama mgonjwa wangu. Angeweza kusema kaa. Nadhani aliona usoni mwangu jinsi nilivyofurahi kuitwa, na alikuwa mtu wa kupita katikati ya haya za watu bila kumwangusha mtu.

"Nenda," alisema. "Chumvi haiji yenyewe."

"Nitarudi jioni."

"Nenda, mwanangu."

Sikurudi jioni. Foleni ilikuwa ndefu, duka likafungwa kabla sijafika mlangoni, nikalala kwa binamu yangu mjini ili niwahi asubuhi. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimempangia hadi mavuno. Nilipata chumvi saa za mchana siku ya pili, nikapanda lori la mbao, na nilipoingia uani Sista alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha stoo, mahali ambapo huwa hakai.

"Ameniulizia?" ndilo neno la kwanza lililonitoka. Hata sikuuliza kama yu hai.

"Hapana," alisema Sista. "Aliuliza tu kama chumvi imepatikana."

Tulimzika pale misheni. Kijana mmoja, mwenyekiti mpya, alisimama makaburini akaahidi kwa niaba ya parokia kaburi la saruji na msalaba wa chuma. Wanawake waliitikia. Kwa mazoea tu, nilisikia kichwani mwangu sauti ikisema andika nusu.

Neno lenyewe ni hili: Mama, wewe ulikataa, sisi ndio tuliokulazimisha usome. Ni fupi. Lingeisha kabla uji haujapoa.

Miaka yote ile nilipokea watu kwenye mlango ule, na kila mmoja nilimwongezea, kwa kuwa kila mmoja alipunguza. Yeye ndiye pekee aliyenitajia muda wake kamili, tena akaniomba nisiongeze, nami nikamhesabia haya ambayo hakuwa nayo. Haya ilikuwa yangu. Kama ningeandika alivyosema, ningejua kwamba sina jioni nyingine.

Jumamosi niliufungua mlango wa stoo, nikauinua ufunguo kidogo, nikautoa mfuko wake. Ulikuwa mzito, karibu kama nilivyoufunga. Akina mama walikuwa tisa wiki ile, na ilikuwa Februari. Niliumimina kwenye gunia la wote. Maharage yalilia kidogo yakiteremka, kisha yakawa maharage kama mengine, na mpishi akaja kuchota ya jioni.